Kabla Hujanunua Betri

Kama uko jikoni, endelea na mapishi, sauti itakufikia hapo hapo. Kama uko barabarani, punguza mwendo tuongee. Na kama leo umeshinda nyumbani kwa sababu gari limegoma kuwaka tangu asubuhi, basi mazungumzo haya ni yako hasa.

Leo nataka tuzungumzie gari la zamani linapokataa kuwaka. Nasema haya magari yetu: Corolla ya miaka ya 1990, Hiace iliyokwishabadilishwa viti mara tatu, pikapu ya Peugeot 504 ya mzee fulani kule kijijini, Land Rover ya tangu enzi. Ni magari yanayopeleka watoto shule, nyanya sokoni na mgonjwa hospitali usiku wa manane. Likigoma moja, nyumba nzima imesimama.

Nianze na mwalimu mmoja mstaafu, mama yetu wa mtaani. Ana Corolla ambayo amekuwa nayo miaka mingi, na ndilo analosambazia mayai. Alinipigia simu asubuhi moja. Nikamwamkia, akaitikia, akasema, “Mwanangu, gari limegoma.”

Nikamuuliza, “Linasemaje, mwalimu?”

Akanyamaza kidogo. Akaniuliza, “Linasemaje vipi?”

Nikamwambia, “Ukizungusha ufunguo, linatoa sauti gani?”

Akasema, “Linasema *taka*. Mara moja tu, *taka*, halafu basi.”

Akanieleza na mengine. Wiki mbili kabla ya hapo, mtu mmoja alikuja, akasikiliza hiyo *taka*, akasema betri imekufa. Mwalimu akanunua betri mpya. Gari likawaka siku tatu, likagoma tena. Akaja mwingine, akasema stata imeungua. Ikanunuliwa stata ya mtumba, ikafungwa, gari likawaka, na baada ya siku mbili likarudi kwenye *taka* yake. Fedha ya mayai ya miezi miwili imekwenda, na ugonjwa ungali pale pale.

Nitarudi kwa mwalimu. Lakini shika swali lile, msikilizaji, maana ndilo nililokuja nalo leo: gari linasemaje? Kabla hujanunua betri, kabla hujanunua stata, kabla hujamruhusu mtu yeyote afungue hata nati moja, jiulize gari linasemaje.

Sababu ni hii. Injini ya petroli inahitaji mambo matatu ili iwake. La kwanza, izungushwe, na hiyo ni kazi ya stata. La pili, ipate mafuta yaliyochanganyika na hewa. La tatu, ipate moto, yaani ile cheche ya plagi, na cheche ije kwa wakati wake. Kuzungushwa, mafuta, moto. Narudia ili mwenye kalamu aandike: kuzungushwa, mafuta, moto. Likikosekana moja, gari haliwaki. Na uzuri wake ni kwamba sauti unayosikia ukizungusha ufunguo inakuambia papo hapo ni upande gani wa kwenda. Kama stata haizungushi injini, achana kabisa na habari za plagi na pampu ya mafuta, hujafika huko. Kama stata inazungusha injini vizuri lakini gari haliwaki, achana na betri na stata. Hizo zimeshafanya kazi yake. Kwa kusikiliza tu, nusu ya gari umeshaitoa kwenye orodha ya washukiwa, na hujatoa hata shilingi.

Haya, twende upande wa kwanza. Umezungusha ufunguo, injini haizunguki. Kuna sauti kuu za aina tatu hapa.

Ya kwanza ni kimya. Hakuna kitu. Tazama dashibodi: taa zinawaka? Kama nazo zimekufa, umeme haufiki kabisa. Fungua boneti uangalie vichwa vya betri. Kama taa za dashibodi zinawaka kama kawaida lakini stata haisemi chochote, na gari ni la otomatiki, fanya jambo moja kabla ya mengine yote: kanyaga breki, toa gia kwenye P uiweke kwenye N, ujaribu tena. Ndani ya mfumo wa gia kuna swichi inayozuia stata isizunguke gari likiwa kwenye gia. Swichi hiyo ikichakaa, haitambui tena P. Nimeshaona watu wamelala na gari porini kwa ajili ya hilo tu, na dawa ilikuwa kusogeza mkono kidogo.

Ya pili ni *taka-taka-taka-taka*, za haraka haraka, kama mtu anayetetemeka meno. Hii mara nyingi sana ni betri dhaifu au vichwa vya betri vichafu. Kwa nini inatetemeka hivyo? Juu ya stata kuna solenoidi, ambayo ni swichi kubwa inayovutwa kwa sumaku. Ukizungusha ufunguo, sumaku inavuta, swichi inafunga, stata inaanza kunywa umeme mwingi. Betri dhaifu inaelemewa, umeme unashuka, sumaku inakosa nguvu, swichi inaachia. Ikiachia, mzigo umeondoka, umeme unapanda tena, sumaku inavuta tena. *Taka*, *taka*, *taka*. Hiyo ndiyo sauti unayoisikia.

Ya tatu ni ile ya mwalimu: *taka* moja, nzito, halafu kimya. Swichi imevuta, umeme ulipaswa kupita kwenda kwenye stata, haukupita. Hapa ndipo watu wengi wanaponunua betri bila sababu.

Sasa nakupa kipimo kisichohitaji mita, kisichohitaji fundi, kinachohitaji macho yako tu. Ni cha jioni au alfajiri, au egesha gari likiwa limeelekea ukutani uone mwanga. Washa taa za mbele. Ziache ziwake. Halafu mwambie mtu apige stata, wewe utazame mwanga. Taa zinafanya nini?

Kama zinafifia mpaka karibu kuzima, betri imekwisha au vichwa vyake havishiki. Kama zinabaki vile vile, zinang'aa kana kwamba hakuna kilichotokea, betri yako haina neno. Umeme upo, ila hauendi unakotakiwa. Tatizo liko kwenye solenoidi, kwenye stata yenyewe, au kwenye waya kati yake na betri. Usinunue betri! Taa zisipofifia, usinunue betri.

Kuna msikilizaji ananiuliza kimoyomoyo: mbona fundi wangu aliwasha taa tu, zikang'aa, akasema betri ni nzima, na kumbe ilikuwa imekufa? Kwa sababu taa peke yake si kipimo. Taa mbili za mbele hunywa ampia kama 10 hivi. Stata ya gari dogo huvuta zaidi ya 100. Betri iliyochoka inaweza kubeba ndoo ya maji, ukiitwisha pipa inaanguka. Ndiyo maana nasema utazame taa *wakati stata inapigwa*.

Kama una mita, au jirani anayo, betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.6 hivi. Ikisoma 12 kamili, imeshakwisha, ingawa masikioni 12 inasikika kama ndiyo haki yake. Gari likiwaka, mita ipande hadi kwenye 14 hivi. Isipopanda, alteneta haichaji, na hata ukinunua betri mpya leo, kesho kutwa itakuwa imelala kama ya kwanza. Hizo ndizo namba za kukumbuka, 12.6 na 14.

Nizungumzie vichwa vya betri, maana hapa ndipo magonjwa mengi ya magari ya zamani yalipo. Unafungua boneti unakuta unga mweupe au wa kijani umeota juu ya nguzo ya betri, umejaa kama ukoga. Unga huo hauruhusu umeme mwingi kupita. Na si lazima uuone. Kichwa kinaweza kung'aa kwa nje, lakini ndani, pale kinapokumbatia nguzo, kumefanya ngozi nyeusi nyembamba. Kishike uzungushe kwa mkono. Kikicheza, umempata mshukiwa.

Kusafisha ni kazi ya dakika kumi. Zima kila kitu, toa ufunguo. Chukua spana namba 10, ndiyo inayofaa kwa Toyota nyingi. Toa kwanza upande wa hasi, halafu chanya. Wakati wa kurudisha, chanya kwanza, hasi mwisho. Ukianza na chanya, na spana yako ikagusa bodi, utaona radi mkononi mwako. Mimina maji ya moto kidogo juu ya unga, uone unavyochemka na kuyeyuka. Usiuguse kwa mikono kisha ukapangusa macho, ni mkali. Kausha. Piga msasa nguzo, piga msasa ndani ya kichwa, mpaka uone rangi ya risasi inayong'aa. Funga kwa nguvu ya kiasi, halafu paka mafuta ya mgando kwa juu. Haya, piga stata.

Na kama betri kweli imelala, utaazima moto kwa jirani, kama mama zetu walivyokwenda na kigae kuomba kaa. Lakini kwa utaratibu. Waya mwekundu: chanya ya betri iliyolala, kisha chanya ya betri nzima. Waya mweusi: hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho usiifunge kwenye betri iliyolala. Ifunge kwenye chuma kitupu cha injini, mbali na betri. Betri hutoa gesi inayolipuka, na cheche ya ncha ile ya mwisho ndiyo huiwasha. Nimemwona kijana aliyepasukiwa na betri usoni, na ndiyo maana nalisema hili kila nipatapo nafasi.

Jambo moja dogo juu ya betri na hali ya hewa. Wenzetu wa Njombe na Makete huamini baridi ndiyo inayoua betri. Kinachoiua zaidi ni joto. Joto la Dar es Salaam na Tanga hukausha maji yake na kula sahani za ndani taratibu. Baridi huja kuonyesha udhaifu uliokuwapo tayari, kwa sababu asubuhi ya baridi oili ni nzito, injini inazunguka kwa taabu, na betri yenyewe inatoa nguvu pungufu. Ndiyo maana gari lililokuwa likiwaka vizuri Dar linagoma asubuhi ya kwanza Njombe, na mwenyewe analaumu safari.

Turudi kwa mwalimu. Nilipofika nilimwambia awashe taa na apige stata. *Taka*. Taa hazikutikisika hata kidogo. Ziling'aa ukutani pale pale. Nikajua mara moja kwamba ile betri mpya haikuhitajika. Nikamuuliza betri ya zamani iko wapi, akasema yule mtu aliondoka nayo.

Nikachukua waya mmoja wa kuazimia moto. Ncha moja nikaibana kwenye hasi ya betri, ncha ya pili nikaibana moja kwa moja kwenye bolti ya injini. Nikamwambia, “Piga sasa, mwalimu.” Gari likawaka kwa mpigo wa kwanza.

Nini kilikuwa kimetokea? Umeme wa gari ni safari ya kwenda na kurudi. Unakwenda kwenye stata kwa waya mwekundu, unarudi kwenye betri kupitia chuma cha injini na waya wa ethi. Chini, karibu na gia boksi, waya wa ethi ulikuwa umefungwa kwa bolti moja. Nikalala chini nikaugusa kwa kidole. Nyuzi za shaba zilikuwa za kijani, zikabomoka kama mkate mkavu. Zilibaki nyuzi chache tu zinashika, na ndiyo maana kila fundi aliyetikisatikisa vitu pale chini alifanya gari liwake siku mbili tatu. Betri mpya haikuponya kitu. Stata haikuponya kitu. Waya uliguswa tu, ukashika, ukaachia tena. Waya mpya wa ethi ulimgharimu mwalimu fedha ya kilo chache za sukari.

Nilikaa na ile stata ya zamani aliyoambiwa imeungua. Nikaifunga kwenye betri mezani gereji. Ikazunguka, safi kabisa.

Nisieleweke vibaya. Stata hufa kweli. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990, *taka* moja na taa zinazong'aa humaanisha vipande viwili vya shaba ndani ya solenoidi vimelika. Hata hapo, fundi umeme mzuri hufungua, anabadilisha vile vipande viwili, anafunga. Huna haja ya kununua stata nzima kwenye maduka ya spea pale Gerezani, Dar es Salaam, kwa sababu ya shaba mbili za ukubwa wa kidole. Muulize: “Umefungua solenoidi ukaona?” Na kama stata inalia *vuuu* peke yake bila injini kuzunguka, meno ya bendeksi, ile gia ndogo ya stata, hayashiki. Hiyo ni kazi ya kuifungua stata, betri haina kosa.

Msikilizaji, kabla hatujavuka upande wa pili, nikupe kisa kifupi. Zamani hakukuwa na stata ya umeme. Gari liliwashwa kwa handeli, unachomeka mbele unazungusha kwa mkono, na handeli ikikurudia inavunja mkono. Wazee waliopanda malori wanakumbuka utingo alivyotoka jasho. Mmarekani mmoja, Charles Kettering, ndiye aliyetengeneza stata ya umeme iliyofungwa kwenye Cadillac ya mwaka 1912. Na ni yeye huyo huyo aliyebuni mfumo wa kuwasha cheche kwa koili na pointi, ule uliokaa kwenye Peugeot 504, kwenye Datsun na kwenye Land Rover zetu kwa miongo mingi. Kazi hizo mbili, kuzungusha na kutoa cheche, zina njia mbili tofauti za umeme. Gari la kabureta lenye gia za mkono linaweza kukosa nguvu ya kuzungusha stata na bado likabaki na umeme wa kutosha kutoa cheche, na ndiyo maana tukilisukuma linawaka. La otomatiki usijisumbue kulisukuma, utachosha vijana wa watu bure.

Haya, upande wa pili. Stata inazunguka vizuri, *ngeu-ngeu-ngeu-ngeu*, lakini gari haliwaki. Sasa tumebaki na mambo mawili: mafuta au moto. Na kama tangi ni tupu? Usicheke. Geji za magari ya zamani hudanganya. Mimina lita mbili kwanza.

Hapa nakuletea shahidi asiyesema uongo. Shahidi huyo ni plagi. Piga stata kwa sekunde kadhaa, kisha zima, toa plagi moja, itazame ncha yake, inuse. Imetoka kavu? Mafuta hayafiki. Imetoka imelowa, inanuka petroli? Mafuta yanafika, moto ndio haupo, au mafuta yamezidi. Kavu, fuata mafuta. Imelowa, fuata moto. Hakuna spea yoyote unayopaswa kununua kabla ya kuitazama plagi.

Ikitoka kavu, unafuata njia ya mafuta kutoka nyuma kuja mbele: pampu, filta, mpira, kabureta au nozeli. Filta ya mafuta kwenye magari yetu hufanya kazi kubwa. Matangi yana kutu, na petroli ya kwenye chupa kando ya barabara ina maji na takataka. Kwenye gari la kabureta, chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, piga stata kidogo. Mafuta yanaruka? Basi pampu na filta ni nzima. Sigara mbali, na injini iwe imepoa.

Kwa gari la nozeli, yaani lisilo na kabureta, pampu ni ya umeme na mara nyingi imekaa ndani ya tangi. Watu hufungua ufunguo, hutega sikio kwenye kiti cha nyuma, wasiposikia mvumo wanasema pampu imekufa. Magari mengi huvuma sekunde mbili ukifungua ufunguo, kweli. Lakini Toyota kadhaa za miaka ya 1990 hazifanyi hivyo. Pampu yake inasubiri mpaka stata izunguke. Sijui ni pampu ngapi nzima zimetupwa kwa kosa hili, lakini mimi mwenyewe nimezitoa kwenye takataka za gereji na zikafanya kazi. Tega sikio wakati mwenzako anapiga stata. Kama bado ni kimya, anza na fyuzi, kisha rilei, kisha waya, ndipo uifikirie pampu.

Na wale wanaopita mlima wa Kitonga wananielewa: umeupanda na gari la kabureta, jua la saa nane, umesimama kununua vitunguu, ukirudi haliwaki. Petroli imechemka ndani ya bomba, imekuwa mvuke, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Fungua boneti, weka kitambaa chenye maji juu ya pampu, subiri nusu saa. Litawaka. Usimruhusu mtu afungue kabureta kando ya barabara kwa ajili ya joto.

Sasa plagi imetoka imelowa. Kwanza, huenda umelizamisha mwenyewe kwa kukanyaga mafuta na kupiga stata mara kumi. Kanyaga pedali ya mafuta mpaka chini, ishikilie hapo, usiipampu, piga stata kwa sekunde kama tano. Hewa itaingia kwa wingi ikaushe silinda. Isipowaka, toa plagi zote zikaushe.

Halafu jaribu moto. Plagi iliyokauka ichomeke kwenye waya wake, ilaze chuma chake kiguse chuma cha injini, mbali na tundu ulilotoa plagi na mbali na petroli iliyomwagika. Usiishike kwa mkono. Umeme huo unarusha mtu. Kwa gari la nozeli, chomoa kwanza fyuzi ya pampu. Sasa mwenzako apige stata, nawe utazame. Cheche ya bluu inayosikika *ta, ta, ta* ni nzuri. Ya njano iliyopauka ni dhaifu. Hakuna kabisa? Fungua kifuniko cha distributa.

Hapo kwenye kifuniko tusiharakishe, hasa msimu wa masika. Gari limelala kwenye mvua, asubuhi halitaki. Fungua klipu mbili au skrubu mbili, geuza kifuniko utazame ndani. Utaona umande umetanda kwenye plastiki, na pengine mstari mwembamba mweusi kama unywele unaotoka nukta moja hadi nyingine. Huo mstari ni njia ambayo umeme umejichongea, unavujia humo badala ya kwenda kwenye plagi. Umande unapangusa kwa kitambaa kikavu na gari linawaka. Mstari mweusi haupanguswi, kifuniko kimekwisha. Tazama na rota, ile inayozunguka chini ya kifuniko, kama ina ufa. Kwenye yale ya pointi, tazama kama midomo ya pointi imeungua na kuwa myeusi. Kipande cha msasa laini kitakufikisha nyumbani, ingawa kesho yake ununue mpya pamoja na kondensa.

Na mwenzako akiwa anapiga stata kifuniko kikiwa wazi, hakikisha rota inazunguka. Rota isipozunguka ilhali injini inazunguka, simama hapo. Usipige stata tena. Mara nyingi timingi belti imekatika, na utaisikia hata kwa sikio: stata inazunguka nyepesi, kwa kasi, bila ule mpigo wa kupanda na kushuka. Injini nyingine hustahimili, nyingine valvu zinagonga pistoni na kupinda, na kila unapopiga stata unaongeza hasara.

Wenye dizeli, ninyi hamna plagi za cheche, mambo yenu tutayakalisha siku yake. Kwa leo chukueni hili tu: mafuta yakiisha tangini hewa huingia kwenye mabomba, na usipoitoa hewa hiyo kwa pampu ya mkono iliyo juu ya filta, utamaliza betri bure.

Mafundi wenzangu mnaonisikiliza, nina neno nanyi pia. Najua mteja anasimama juu ya kichwa chako, ana haraka, anataka kusikia jina la spea. Lakini mama anayeuza mayai hawezi kulipia kubahatisha kwetu. Mwonyeshe taa zikififia au zisipofifia. Mpe plagi aishike mwenyewe. Na spea ya zamani ukiitoa, mwachie mwenyewe. Ni mali yake.

Mwezi uliopita mwalimu alinipigia tena, alfajiri. Nikamwamkia, akaitikia kwa haraka, akaendelea bila kuvuta pumzi: “Mwanangu, stata inazunguka vizuri, taa hazina neno. Nimemwita kijana wa jirani akanitolea plagi, nimeinusa mwenyewe. Kavu, kavu kabisa.”

Nikatoka nyumbani na filta moja ya mafuta mfukoni.